Kutumia Muziki katika Unasihi wa Watoto na Vijana: Mwongozo kwa Walimu wa Malezi Dodoma

Mwalimu wa malezi, ofisa ustawi wa jamii au mlezi wa kwaya anayetaka kutumia muziki katika unasihi yampasa kwanza aujue mpaka wa kazi yake. Tiba ya muziki ni taaluma inayosomewa. Asiyeisomea anaweza kuutumia muziki kumsaidia mtoto aseme, atulie au akae vizuri na wenzake, na hilo peke yake si jambo dogo.

Kabla ya kipindi cha kwanza, mweleze mtoto yapi yatabaki baina yenu na yapi utalazimika kuyafikisha kwa mtu mwingine, hasa yanayohusu usalama wake. Ala si tatizo katika mkoa wenye zeze na marimba za Wagogo, na pasipo na hizo, kayamba au ndoo ya plastiki iliyopinduliwa inatosha. Mtoto hahitaji kujua kupiga. Mnasihi anayemsahihisha mdundo amekwisha kugeuka mwalimu wa muziki, na kipindi kimeharibika.

Jambo linalohitaji umakini zaidi ni mahali pa kuanzia. Wengi humwimbia mtoto mwenye huzuni wimbo wa furaha ili achangamke, naye hujiona hakueleweka. Anza na hali aliyonayo. Akipiga ngoma kwa hasira, piga nawe kwa nguvu ileile na mwendo uleule mpaka uone kwamba amekusikia, kisha punguza kidogo kidogo huku ukimtazama mabega na pumzi. Asipokufuata, rudi kwenye mdundo wake bila kumlaumu. Mkishatulia, nyamaza kidogo, ndipo uulize swali moja tu: ngoma hii ingekuwa na maneno, ingesema nini? Asipojibu, usimshurutishe.

Kwa kikundi, uimbaji wa Wagogo ni hazina, kwa kuwa sauti kadhaa hupandana na kila mmoja hulazimika kushika yake huku akisikiliza za wenzake. Watoto sita hadi wanane wanatosha. Ngoma za muheme kwa desturi hupigwa na wanawake, hivyo binti asiyefungua kinywa darasani anaweza kuongoza hapo bila mtu kushangaa.

Vijana balehe huja na nyimbo zao, iwe Bongo Fleva, singeli au Injili, na mnasihi anayezibeza hatasikia lolote la maana. Mwombe kijana alete wimbo mmoja na akuonyeshe mstari anaourudia, kisha aandike ubeti wake mwenyewe. Ubeti huo ni mali yake: usiurekodi wala kuusambaza kwenye WhatsApp bila ridhaa yake na ya mzazi, hata kama ungependeza sana kwenye mahafali.

Kwa wanafunzi wa vyuo, saidia kupanga nyimbo za jioni zinazotoka kwenye kasi kwenda kwenye utulivu. Wanaosikiliza kwa visikizi waambiwe kwamba Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75.

Muziki pia unaweza kudhuru. Mtoto mwenye usonji anaweza kuumizwa na kelele, na wimbo uliopigwa msibani unaweza kumrudisha aliyefiwa kwenye kilio ambacho huna uwezo wa kukibeba. Akiziba masikio au pumzi ikienda mbio, acha mara moja.

Akitaja kujiua au kutendewa ukatili, weka ala chini. Usimwache peke yake, wala usimhoji mara kwa mara. Piga 116, simu ya bure kwa masuala ya watoto, au wasiliana na ofisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Penye dalili za ugonjwa wa akili, afikishwe hospitalini, na Dodoma ina Hospitali ya Mirembe inayoshughulikia maradhi hayo. Andika siku hiyohiyo maneno yake kama alivyoyasema, bila kuongeza tafsiri yako, na umkabidhi atakayempokea.