Somo: Kutazama muziki wa andagraundi Eastlands, Nairobi, bila kudhaniwa sanse (polisi)

Wengi tukienda shoo ya mtaani macho yote huwa kwa anayeimba. Yule utamsikia hata kesho kwenye simu. Leo tuwaangalie wasioimba, maana bila wao hata hiyo maiki isingewaka.

Hatua ya 1. Chagua mahali pamoja, urudi hapo hapo. Usiende Dandora wiki hii, Kayole ijayo, Umoja ile nyingine. Mara ya kwanza wewe ni mgeni. Mara ya nne utaulizwa mbona juzi hukuonekana. Na usiende na kichwa kitupu. Dandora ni nyumbani kwa kundi la Kalamashaka, waliorap kwa Kiswahili na Sheng tangu miaka ya 1990. California, pale pembeni mwa Eastleigh, ndiko studio ya Calif Records ilikokuza genge, rap ya mtaani ya Sheng. Umoja iliwatoa kundi la Ethic, na wimbo wao Lamba Lolo wa 2018 ukafungua mlango wa gengetone, mtindo uliofuata genge. Haya yote yalianza yakiwa ya vijana wa base, yaani maskani, kabla redio haijayasikia.

Hatua ya 2. Fika wakati spika zinashushwa. Saa hiyo hakuna anayejionyesha. Angalia ni nani amebeba, nani anaunganisha nyaya, jenereta ni ya nani. Kisha simama karibu na mlango uone nani anaingia bure. Anayeingia bure ana cheo, hata kama hajawahi kurekodi mstari mmoja.

Hatua ya 3. Simu iwe mfukoni. Hili nililijua kwa aibu. Jioni moja nilikaa pembeni, nikachomoa simu, nikaanza kurekodi vijana waliokuwa wamezunguka spika moja wakipokezana mistari. Hakuna aliyenifokea. Biti iliendelea, mistari ikakatika, mmoja mmoja wakaingiza mikono mifukoni. Jamaa wa kuuza smoki, zile soseji za barabarani, akaniuliza kwa upole, "Boss, wewe ni sanse?" Mgeni anayepiga picha bila kusalimia, mtaani kwetu, ni askari kanzu au ni mtu wa mradi, na wote wawili hawaleti heri. Nilifuta ile video mbele yao. Tangu siku hiyo nasalimia kwanza, nanunua smoki, nasema jina langu na ninachoandika. Daftari dogo linatosha, tena baada ya shoo, ndani ya matatu ya kurudi.

Hatua ya 4. Cha kuandika: mpangilio wa waimbaji (wapya hupewa maiki watu wakiwa bado wachache), na mstari uliofanya umati upige kelele hadi DJ akaurudisha. Huo mstari uandike ulivyo. Sheng usiisanifishe. Neno la Buruburu laweza kuwa na maana nyingine Kariobangi, kwa hiyo andika na mtaa wa aliyelisema.

Hatua ya 5. Fuata wimbo ukitoka pale. Mara nyingi huwa kwenye flashi ya DJ wa matatu. Panda nganya, yaani matatu iliyopambwa, ya 58 ya Buruburu uone abiria gani wanatikisa kichwa kabla kibwagizo hakijafika. Hao walishausikia kwingine, waulize wapi.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Githurai: Mwalimu, hii ni ya rap tu? Mimi ni wa metali.
Jibu: Hapana, ndugu. Wapiga metali wa Nairobi ni wachache na wanajuana kwa majina, kwa hiyo utaonekana haraka zaidi. Kundi la Duma lilitoka hapa hapa, lakini albamu yao ya 2020 ilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Swali zuri la kuanzia: kwa nini ilibidi ivuke mpaka?

Kutoka Kayole: Nikipewa ruhusa na msanii, naweza kuweka video mtandaoni?
Jibu: Ruhusa yake ni yake peke yake. Nyuso za nyuma yake nazo zina wenyewe, na Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019. Watoto ndio kabisa, ongea na mzazi. Mwonyeshe msanii video kabla haijatoka, kisha umtumie nakala. Wanaochukua na kupotea tumewachoka.

Kutoka Huruma: Mimi ni mama, mwanangu anarekodi chumbani. Nikienda shoo si nitamwaibisha?
Jibu: Mama, shikamoo. Nenda, ukae karibu na mlango, na usimwite kwa jina la nyumbani. Ila wewe uko ndani ya hii jamii kuliko mimi. Anza na mita ya stima hapo kwako, maana kurekodi hula stima: andika tokeni ziliisha siku gani, na usiku wa kuamkia siku hiyo walikuwa vijana wangapi chumbani.