Uwiano sawa na sehemu sawa: tujifunze kwa ndoo za chokaa

Mwanafunzi anayejua kurahisisha 6/15 ikawa 2/5 mara nyingi hukwama akiandikiwa 6:15, akidhani ni somo jingine. Hesabu ni ileile. Hapa Unguja mimi huifundisha kwa lipu ya chokaa, maana nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na watoto wa skuli wanawaona mafundi wakikoroga. Tuchukulie fundi anaweka ndoo 2 za chokaa kwa ndoo 5 za mchanga.

Hatua ya 1: Andika uwiano kwa mpangilio uliotajwa. Chokaa kwa mchanga ni 2:5. Ukiandika 5:2, umeshageuza lipu.

Hatua ya 2: Uandike kama sehemu, 2/5. Angalia asili (namba ya chini) kwa makini: hiyo 5 ni mchanga peke yake. Tunasema chokaa ni 2/5 ya mchanga, wala si 2/5 ya vyote.

Hatua ya 3: Zidisha namba zote mbili kwa namba moja. Mara 2 unapata 4:10, mara 3 unapata 6:15. Kwa sehemu ni 4/10 na 6/15. Thamani haibadiliki kwa sababu 3/3 ni 1, na kitu ukikizidisha kwa 1 kinabaki kilekile. Kwa fundi, ni kukoroga lipu ileile mara tatu.

Kujumlisha hakufai. Ukiongeza ndoo 2 kila upande unapata 4:7, na lipu imebadilika: ndoo 7 za mchanga zinataka chokaa ndoo 2.8 tu.

Hatua ya 4: Hakiki kwa kuzidisha kimshazari. Kwa 2:5 na 6:15, 2 × 15 = 30 na 5 × 6 = 30, basi ni sawa. Kwa 2:5 na 4:7, 2 × 7 = 14 lakini 5 × 4 = 20.

Hatua ya 5: Tafuta sehemu ya vyote. Ndoo zilizotiwa ni 2 + 5 = 7, kwa hiyo chokaa ni 2/7 ya vyote. Kwa 6:15 ni 6/21, ambayo ukiirahisisha inarudi 2/7. (Hesabu ndoo kabla ya kukoroga. Baadaye lundo hupungua, kwani chokaa huingia katika nafasi zilizo baina ya chembe za mchanga.)

Hapa pana mtego ninaotaka uuelewe vizuri. Changanya lipu ya 2:5 na ya 4:10 pamoja: chokaa ndoo 6, mchanga ndoo 15, uwiano ni uleule. Mwanafunzi akiona hivyo huandika 2/5 + 4/10 = 6/15. La! Jibu ni 4/5. Unapojumlisha sehemu, zote mbili ni za kitu kimoja kizima. Lakini hapa 2/5 ilikuwa ya ndoo 5 za mchanga, na 4/10 ya ndoo 10 nyingine.

Sasa fanya mwenyewe. Mchanga ni ndoo 35. Chokaa ni ngapi? Kisha fundi anataka kutia ndoo 28 kwa jumla, agawe vipi? La kwanza, 35 ÷ 5 = 7, hivyo chokaa ni 2 × 7 = ndoo 14. La pili, anzia kwenye 7 ya vyote: 28 ÷ 7 = 4, hivyo chokaa 8 na mchanga 20.