Mapambo ya chuma chenye enameli ukutani: anza na mwanga, nyundo baadaye

Jamani kwanza tuelewane enameli ni nini maana hapa ndipo watu wengi wanapouziwa vitu sivyo. Kumbuka vile vikombe na sahani za bati za nyumbani kwa bibi, nyeupe zenye mstari wa bluu ukingoni au zenye maua katikati, ile ngozi yake inayong'aa sio rangi ya kupaka, ni kioo. Unga wa kioo unamwagwa juu ya chuma au shaba halafu unaingizwa kwenye tanuri lenye moto wa kama digrii 750 mpaka 850, unayeyuka na kushikana na chuma moja kwa moja. Ndio maana kikombe cha bibi kimekaa miaka na miaka na ile bluu iko vilevile. Sasa mapambo ya ukutani ninayoongelea hapa ni kazi hiyohiyo, ila badala ya kikombe ni majani, samaki, ndege, jua na miale yake, maua yamekunjwa mpaka yanatokeza nje ya ukuta.

Na kwa sababu ni kioo, kitu kinachoishi kwa mwanga, kosa kubwa ni kutafuta ukuta ulio wazi tu ukapiga msumari. Mimi nilifanya hivyo. Kipande changu cha kwanza aliniletea dada anayeishi Minnesota, tawi la majani ya shaba yenye enameli ya bluu na kijani, alilikuta kwenye duka la mitumba, nikalitundika juu ya tivii kwa sababu pale ndipo palikuwa patupu. Mchana dirisha lililo mkabala linaling'arisha lote linakuwa doa jeupe, usiku taa ya tyubu inalifanya kama plastiki. Wiki tatu nilidhani kitu chenyewe ni kibaya. Siku niliyolihamishia ukuta wa pembeni, ule unaopakana na ukuta wenye dirisha, nikakaa nikalitazama tu mpaka chai ikapoa, kila jani lilikuwa na upande wake wa mwanga na upande wa kivuli.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni hii, chukua kipande chako mkononi, zunguka nacho chumbani asubuhi, saa kumi jioni, na usiku taa zikiwaka, mtu mwingine akushikie wewe usogee nyuma ukae pale unapokaa siku zote. Mwanga unaopita kwa ubavu ndio mzuri, unaonyesha mikunjo na kutupa vivuli ukutani. Mwanga unaokuja usoni moja kwa moja unaua kila kitu. Usiku tumia balbu ya mwanga wa manjano, kwenye boksi imeandikwa 2700K au 3000K, nyekundu na chungwa za enameli zinapenda hiyo, zile balbu nyeupe kali za 6500K zinafaa jikoni kuchambulia mchele sio hapa.

Wazee wetu wa pwani hili walilijua zamani. Nyumba za kale za Lamu zina zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyopangwa ukuta mzima, na viko ndani kabisa ambako mwanga ni mdogo, kuta nyeupe na vyombo vya kaure vinavyodaka hata mwanga kidogo unaoingia. Makaburi ya Kunduchi, Dar es Salaam, na ule mnara wa kaburi wa Mambrui, karibu na Malindi, navyo vilipachikwa mabakuli ya Kichina. Yaani kung'arisha ukuta kwa kitu chenye ngozi ya kioo ni jambo letu, mtu asikwambie unaiga.

Haya tuje kwenye kununua. Ukipelekewa kitu ukaambiwa enameli, kigeuze uangalie mgongoni, kwaruza sehemu isiyoonekana kwa ncha ya ufunguo, taratibu. Rangi ya mafuta itabanduka au itaacha mchirizi, enameli ya kweli ufunguo unateleza tu. Ishike, ni ya baridi kama sahani ya udongo. Angalia ukingoni, enameli huwa imejikunja kidogo na mara nyingi kuna mstari mweusi au chuma kinaonekana pale ilipoishia. Ukitaka kujua chini ni nini weka sumaku, ikinasa ni chuma, isiponasa huenda ni shaba, na shaba kwa sisi wa karibu na bahari ni afadhali sana maana haioti kutu nyekundu. Marekani mambo haya yalipamba moto miaka ya 1960 na 1970, ukikuta saini ya C. Jeré usimtafute huyo mtu, hakuwepo, ni majina ya Jerry Fels na Curtis (Kurt) Freiler yaliyounganishwa, wenye kampuni ya Artisan House walioianza 1963. Vipande hivyo sasa vina bei na vya kuiga ni vingi, mimi nasema nunua unachokipenda kwa macho.

Kama hela haitoshi kuna njia mbili na zote nazipenda. Moja, tafuta sahani na masinia ya bati ya zamani yenye maua, yako mitumbani na kwenye makabati ya shangazi zetu yamelala, vipande vitano au saba vya saizi tofauti vikipangwa vizuri ni pambo kamili. Yakiwa yamebanduka usiyarudishe mezani kula, yakae ukutani. Ya pili, nenda kwa fundi bati na mchoro wako, akukatie samaki au majani kwa bati nene au pipa la mafuta, umwambie apige msasa kingo zote, apake kwanza ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu halafu mikono miwili ya rangi ya mafuta. Hiyo sio enameli ya tanuri, itapauka jua likiipiga miaka kadhaa, lakini unaipaka tena na maisha yanaendelea.

Ukuta nao una maneno yake. Rangi ya ukuta ikiwa inang'aa, ile silki, itagombana na enameli, vyote viwili vinameremeta jicho halijui litue wapi. Ukuta usiong'aa ndio unaofaa. Bluu iliyokolea inapendeza juu ya nyeupe ya maziwa, nyekundu na manjano zinapendeza kwenye kijani kilichokolea au rangi ya udongo. Kipande chenye rangi nyingi kikae peke yake, usikibane na saa na kalenda na picha ya harusi.

Kimo: katikati ya kipande iwe kama sentimita 145 mpaka 150 toka sakafuni, ndio usawa wa macho wa watu wengi wakisimama. Juu ya sofa acha sentimita 15 hadi 20 kati ya mgongo wa sofa na pambo, na upana wake ukaribie theluthi mbili za sofa, kikiwa kidogo sana kinaonekana kimepotea.

Kabla hujatoboa, laza kipande juu ya gazeti, chora umbo lake, kata, bandika hilo gazeti ukutani kwa selotepu na uliache siku mbili. Mkilipita mkalizoea, toboa. Mkiona kila mtu anapita anasema "hivi kile mbona kimeegemea kushoto", sogeza, gazeti halina gharama.

Sasa kutoboa. Usitoboe juu wala chini ya swichi na soketi maana nyaya mara nyingi hupita wima pale, na bafuni mwulize aliyejenga mabomba yamepita wapi. Ukuta wa tofali za saruji tumia drili yenye biti ya 6 mm, ingiza fisha, ile plagi ya plastiki inayoshika skrubu, ya saizi hiyo, halafu skrubu, usawazishe na pima maji. Msumari wa zege peke yake naukataa kabisa. Kile kipande changu cha majani mara ya kwanza kilikaa kwenye msumari uliopita kwenye plasta tu, usiku mmoja tukasikia kishindo, asubuhi enameli imebanduka sehemu tatu, niliumia sana maana kioo kikishatoka hakirudi. Nyumba za mawe kama za Mji Mkongwe Unguja plasta yake ni chokaa na ndani ni mawe ya matumbawe, ukipiga nyundo inamwagika kama unga, toboa taratibu ukiwa umezima ule mtikisiko wa nyundo wa drili, na kama nyumba ni ya zamani kweli ulizia kwanza maana mji ule ni urithi wa dunia tangu 2000 na una taratibu zake. Kwenye ukuta wa bodi za gypsum tundika vitu vyepesi tu, au tafuta fremu iliyo nyuma yake ufunge hapo.

La muhimu kuliko yote: USITOBOE pambo lenyewe. Ukigusa enameli na drili inapasuka kama kioo cha meza na ufa unasafiri. Tumia vishikizo vilivyoko mgongoni. Kwa sahani za bati tengeneza kishikio cha waya chenye ndoano nne, mbili juu mbili chini, na kila ndoano ivike ganda la plastiki ulilovua kwenye waya wa umeme ili chuma kisikwaruze kioo.

Halafu acha nafasi nyuma, sentimita 2 au 3. Kata vipande vya bomba jembamba la plastiki lile la kupitishia nyaya, pitisha skrubu katikati yake, pambo linakaa mbele ya ukuta kidogo. Faida yake ni mbili: kivuli kinakuwa kirefu na kizuri, na hewa inapita nyuma. Huku kwetu Tanga kinachoharibu vitu hivi sio mbele, ni mgongoni ambako unyevu wa bahari unajificha, na skrubu za kawaida ambazo mwaka haujaisha zishalia machozi ya kutu ukutani. Nunua skrubu za stenlesi, hasa bafuni na barazani.

Jikoni enameli inafaa kuliko picha yoyote kwa sababu mafuta yanafutika, ila isikae juu ya jiko kabisa, moto na baridi ya ghafla inaipasua. Chumba cha kulala usiweke kitu kizito juu ya kichwa cha mtu. Koridoni chagua kilicho bapa, kitu kinachotokeza kitagonga mabega na ndoo. Chumba cha watoto weka juu wasikofika na upitishe kidole kwenye kila kingo kwanza.

Usafi ni rahisi, kitambaa laini, maji na sabuni kidogo, kausha hapohapo. Usitumie stili waya, wala unga wa kusugulia, wala ndimu na siki, asidi inakula ule mng'ao. Kila miezi mitatu hivi kishushe ufute na mgongo. Ukiona pamebanduka na chuma kimetokeza, piga msasa laini pale penye kutu tu, futa vumbi, paka rangi ya kucha isiyo na rangi, mikono miwili, au rangi ya mafuta inayofanana. Yale majani yangu matatu nimeyafanyia hivyo, ukisogea karibu alama unaiona, na tangu hapo kutu haijaongezeka.