Jinsi ya kutengeneza sanamu ya kioo kuhusu tamaa (kwa mtindo wa kabati la chipsi)

Kila nikisema natengeneza sanamu kuhusu tamaa, watu wanadhani nitabandika noti za elfu kumi halafu chini yake niandike tamaa mbele mauti nyuma. Hapana bana, hayo ni mahubiri. Mimi tamaa niliiona kwenye kabati la chipsi pale kituoni, dogo mmoja kaegemeza kiganja kwenye kioo, anapumua hadi kinashika ukungu, ndani kuna mayai na kuku na balbu ya njano, na hela hana. Macho hayana pazia, lakini mkono una kioo mbele yake. Ndo maana hii kazi haifai kwa mbao wala chuma peke yake, inataka kitu kinachoruhusu uone na kinachokukatalia hapo hapo.

Mimi si mpulizaji kioo kama wale wa Kitengela kule Kenya, natumia tanuru dogo la umeme lenye kontrola, yaani kifaa cha kupanga joto na muda. Bila kontrola usianze, kioo hakitaki kubahatisha.

Hatua ya 1, kalibu ya mkono. Chukua udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na vigae vilivyosagwa, tandaza unene kama sentimita 4, gandamiza kiganja chako hadi kizame kama sentimita moja na nusu. Nilianza na mkono wa mtoto maana ndo stori yenyewe, ikafeli, vidole vyembamba mno kioo hakiingii. Kwahiyo tumia mkono wa mtu mzima na utanue kidogo mashimo ya vidole kwa kijiko. Toboa tundu dogo kwenye kila ncha ya kidole na moja katikati ya kiganja, hewa itoke. Acha ukauke wiki nzima kivulini kisha choma hadi 950°C. Ukipoa paka maji ya kaolini (udongo mweupe) na alumina (unga mweupe usioyeyuka kwenye moto huu) nusu kwa nusu, rudia mara nne au tano, ili kioo kisigande (kaolini ipo hadi vilima vya Pugu). Ukikoroga huo unga vaa barakoa ya maana, vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki.

Hatua ya 2, kioo. Nenda kwa fundi wa madirisha uombe mabaki ya milimita 3, ukate vipande viwili vya sentimita 30 kwa 25. Vyote vitoke kwenye kioo KIMOJA. Usichanganye dirisha na chupa, kila kioo kinatanuka na kusinyaa kivyake, utavitoa vizuri kabisa halafu vipasuke mezani. Osha, futa kwa spiriti, usiguse tena katikati.

Hatua ya 3, mishipa. Hapa ndo mchanganyiko unapoanza. Kwa mafundi wanaosuka mota utapata waya wa kopa (shaba) mwembamba, chukua wa milimita 0.3. Una vanishi juu, isugue na msasa, au ichome nje ukiwa umeupa moshi mgongo. Pinda waya ufuate mistari ya kiganja na mishipa ya mkono, laza juu ya kioo cha kwanza, funika na cha pili. Nilishawahi kujifanya mjuaji nikaweka waya wa milimita 1.5 niliouchuna kwenye waya wa nyumba, kazi ikatoka safi, usiku nimelala nasikia TAA, asubuhi ufa umefuata waya mwanzo mwisho. Kopa inasinyaa karibu mara mbili ya kioo, ikiwa nyembamba inasalimu amri, ikiwa nene inavunja. Waya wa mabati usiuingize kabisa, ile zinki inatoa moshi mbaya.

Hatua ya 4, kuunganisha. Weka vioo bapa juu ya shelfu iliyopakwa kaolini. Panda 150°C kwa saa hadi 650, tulia dakika 30 hewa itoke katikati, panda haraka hadi 815, tulia dakika 10, shuka haraka hadi 550 na hapo kaa saa nzima, kisha 60°C kwa saa hadi 400, zima. Usifungue kuchungulia! Na angalia LUKU kabla, mimi uniti ziliniishia nikiwa kwenye 550 na kazi ya wiki mbili ikawa kokoto, uzembe wangu mwenyewe. Kopa itatoka nyekundu iliyoiva kama damu iliyoganda, na viputo pembeni, viache.

Hatua ya 5, kuzamisha. Laza kioo juu ya kalibu, mishipa ikae juu ya kiganja. Panda taratibu, 100 kwa saa, hadi 760, tulia dakika 15, ukishuka fuata ile ile ya mwanzo. Kioo cha dirisha kwenye joto hili kinapenda kufanya ukungu mweupe, mafundi wengi wanauchukia na kuusugua. Mimi nauomba uje. Ukiuona juu ya vidole ni pumzi ya yule dogo.

Kabla ya kuendelea pima kama kioo kina mkazo uliobaki ndani, maana huo ndo unaokipasua baadaye. Fungua ukurasa mweupe kwenye laptop, vaa miwani ya jua ya polaroidi, geuza kichwa hadi skrini iwe nyeusi, kisha weka kioo katikati. Mng'ao kidogo kando ya waya ni kawaida, ila ukiona mwanga mkali kwenye kona rudisha tanuruni ukakipoze upya.

Hatua ya 6, kabati. Tafuta fremu ya kabati la chipsi lililochakaa, mafuta yake usiyasafishe. Kioo kikae na silikoni, uache nafasi ya milimita 3 pande zote, uvimbe wa mkono uelekee NDANI. Ndani ning'iniza kitu kwa mshipi wa kuvulia. Mimi niliuliza watu kijiweni wanataka nini, nikapewa funguo ya pikipiki, kiatu cha mtoto, na bibi mmoja akanipa kitasa cha mlango, hajaeleza na sikumuuliza. Kitasa ndo kilishinda.

Umbali kati ya ncha za vidole na kitu ndo kazi yote. Nilijaribu vigusane, ikafa. Sentimita 20, hakuna aliyeona uhusiano. Sentimita 4, watu wakaanza kuinama.

Balbu iwe ya LED ya njano, ile ya kawaida inachemsha kioo. Na ukisafirisha kwa bajaji kioo kisimame wima, kisilazwe, katikati weka godoro.