Droo ya Wavu Vyuoni: Panga Namba za Ubora Kwanza, Mwenyeji Baadaye

Mwaka wa kwanza nilipokabidhiwa kuratibu mashindano ya wavu ya vyuo, droo tuliichezesha kwa vikaratasi ndani ya bakuli. Timu tatu zilizokuwa bora kuliko zote, na kila aliyekuwepo alilijua hilo, zikaangukia kundi moja. Zinazopita ni mbili. Ya tatu ikafungasha siku ya pili, na ilikuwa imesafiri usiku kucha kwa basi la kukodi. Kocha wao hakunifokea. Alinishika mkono akasema, "Mwanangu, hawa vijana wamefanya mazoezi miezi minne." Sijapanga timu kwa bakuli tena.

Mwongozo huu ni kwa mratibu wa mashindano ya vyuo mwenye timu 16 au karibu na hapo, fedha kidogo na walezi wa michezo kumi na sita wanaompigia simu kila siku. Nitatumia mfano wa timu 16 mwanzo hadi mwisho ili hesabu zishikane. Pale itakapofaa nitaonyesha wanavyofanya Marekani kwenye mashindano ya wavu ya wanawake ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, daraja la kwanza, kwa sababu wao wameliandikia kanuni jambo hili kwa miaka mingi, na kuna mambo tunaweza kuyachukua bila kuwa na fedha zao.

Hatua ya 1: Kanuni ziandikwe kabla timu hazijajulikana

Karatasi moja inatosha. Iseme matokeo ya kuanzia tarehe ipi hadi ipi ndiyo yatakayohesabiwa, nani atakaa kwenye kamati ya upangaji, kituo kitachaguliwa kwa vigezo gani, na rufaa itapokelewa hadi saa ngapi. Watumie walezi wa michezo na mawaziri wa michezo wa serikali za wanafunzi, wasaini. Kanuni iliyoandikwa baada ya timu kujulikana itaonekana imeandikwa kumbeba mtu, hata kama si kweli.

Mjumbe wa kamati anayetoka chuo fulani atoke nje ya chumba chuo chake kinapojadiliwa. Atoke kabisa, asiishie kunyamaza kwenye kiti.

Hatua ya 2: Tafuta namba ya ubora ya kila timu

Kosa la kawaida ni kuhesabu ushindi peke yake. Timu inayocheza mechi za kirafiki na majirani dhaifu itashinda nyingi, na inayotafuta wapinzani wagumu itaadhibiwa kwa ujasiri wake. NCAA kwa miaka mingi imetumia kipimo kinachoitwa RPI, na ni hesabu ya shule ya msingi. Robo ya alama inatokana na asilimia ya ushindi wa timu yenyewe, nusu inatokana na asilimia ya ushindi wa wapinzani wake, na robo ya mwisho inatokana na wapinzani wa wapinzani wake. Unapohesabu ushindi wa mpinzani, ondoa mechi aliyocheza na timu unayoipima.

Chukua timu mbili. Ya kwanza imeshinda 6 na kupoteza 2, yaani 0.750. Wapinzani wake wana wastani wa 0.400, na wapinzani wa hao 0.500. Inapata 0.1875 + 0.200 + 0.125 = 0.5125. Ya pili imeshinda 5 na kupoteza 3, yaani 0.625, lakini wapinzani wake wana 0.600 na wapinzani wa hao 0.520. Inapata 0.15625 + 0.300 + 0.130 = 0.58625. Hiyo ya pili, yenye vipigo vingi zaidi, ndiyo inayokaa juu. Kaa na mlezi wa ile timu ya kwanza umwonyeshe hesabu hii kwa kalamu. Nimefanya hivyo mara nyingi, na wengi hukubali wakishaona namba.

Sasa tahadhari. Kipimo hiki kinahitaji mechi. Timu ikiwa na chini ya mechi sita hivi, namba yake inayumba sana, na timu za ukanda mmoja zikicheza zenyewe kwa zenyewe kipimo hakiwezi kujua kama ukanda mzima ni mgumu au ni laini. Hapo kamati itumie macho yake, kwa mpangilio huu: matokeo ya zilipokutana zenyewe, matokeo dhidi ya wapinzani waliocheza nao wote, kisha nafasi ya mwaka uliopita. Na uulize jambo moja ambalo namba hazilijui: kikosi ni kilekile? Vyuoni mpigaji wako tegemeo na seta wako wanahitimu pamoja, na timu ya mwaka jana inabaki jina tu.

Si lazima uzipange zote 16 kwa umakini uleule. Marekani timu ni 64, na hadi mwaka 2021 walikuwa wakizipa namba 16 tu. Kuanzia 2022 wanazipa 32. Zilizobaki zinapangwa kwa jiografia. Kwa timu 16 mimi huweka nguvu kwenye nane za kwanza, nane za chini nazimaliza ndani ya nusu saa.

Hatua ya 3: Zigawe kwa mwendo wa nyoka

Makundi manne, A hadi D. Mstari wa kwanza unakwenda kulia: 1, 2, 3, 4. Wa pili unarudi kushoto: 5 inaingia D, 6 inaingia C, 7 inaingia B, 8 inaingia A. Wa tatu unakwenda tena kulia, wa nne unarudi. Utapata:

Kundi A: 1, 8, 9, 16
Kundi B: 2, 7, 10, 15
Kundi C: 3, 6, 11, 14
Kundi D: 4, 5, 12, 13

Jumlisha kila kundi. Yote yanatoa 34, na hapo ndipo mlezi mwenye mashaka anapotulia. Usawa huu unatokea mistari ikiwa shufwa. Ukiwa na timu 12 kwenye makundi manne ya timu tatu tatu, kundi A litatoa 18 na D 21, kwa hiyo afadhali makundi mawili ya timu sita. Kila moja litatoa 39.

Sasa angalia majirani. Vyuo viwili vya mji mmoja vinavyokutana kila Jumamosi havijasafiri kuja kukutana tena siku ya kwanza. NCAA nao hukwepa kuzikutanisha timu za ligi moja katika raundi mbili za mwanzo. Rekebisha kwa kubadilishana timu za mstari uleule tu, kwa mfano 10 na 11, basi. Ukihamisha timu kutoka mstari wa pili hadi wa tatu umeanza kupanga matokeo.

Hatua ya 4: Chagua kituo

Hapa ndipo simu huzidi. Gawa kazi mara mbili: kwanza chuja, kisha pima.

Kuchuja hakuna alama, ni ndiyo au hapana. Uwanja ni mita 18 kwa 9, na pembeni pawe wazi angalau mita 3 kila upande. Kama ni ndani ya ukumbi, juu pawe wazi angalau mita 7. Kumbi nyingi za mikutano zinaanguka hapa kwa sababu ya mapangaboi na boriti, na mpira ukigonga dari kila dakika hakuna mchezo. Kama ni nje, uwanja uelekee kaskazini na kusini, la sivyo saa kumi na moja jioni timu moja inapokea sevu huku jua liko machoni. Nguzo ziwe na pedi na zisiwe na nyaya zilizofungwa ardhini. Kisha maji, vyoo, mabweni yanayofungwa kwa ufunguo, mahali pa kupikia, na zahanati yenye mtu zamu usiku. Nenda mwenyewe na futi ya kupimia. Niliwahi kuamini picha za simu nilizotumiwa na chuo kimoja. Nilipofika nikakuta ukuta uko hatua moja nyuma ya mstari.

Vituo vilivyopita kwenye mchujo ndivyo unavipima kwa umbali. Tuseme timu 6 zinatoka Dar es Salaam, 3 Morogoro, 3 Dodoma, 2 Arusha na 2 Mbeya. Zidisha idadi ya timu za kila mji kwa umbali wake hadi kituoni, kisha jumlisha. Kwa makadirio ya kilomita za barabara, kwenda tu:

Dar es Salaam ikiwa mwenyeji: 600 + 1,350 + 1,260 + 1,660 = 4,870.
Morogoro: 1,200 + 780 + 1,240 + 1,260 = 4,480.
Dodoma: 2,700 + 780 + 860 + 1,180 = 5,520.

Morogoro inashinda kwa jumla. Lakini tazama pia anayesafiri mbali kuliko wote: kwenda Dar, timu ya Mbeya inakaa barabarani kilomita 830 hivi, kwenda Morogoro 630, kwenda Dodoma 590. Jumla inaonyesha gharama ya mashindano, safari ndefu inaonyesha nani ataingia uwanjani miguu imevimba. Mimi huziandika zote mbili kwenye jedwali, na ikiwa jumla zinakaribiana naangalia ya pili. Tena kilomita si kila kitu: tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma katikati ya 2024, safari ya Dar hadi Dodoma haichoshi kama zamani. Marekani wanatumia kanuni nyepesi, timu iliyo ndani ya maili 400, kama kilomita 640, inakwenda kwa basi, zaidi ya hapo ndege. Sisi wengi wetu ni basi tu, kwa hiyo mimi hudai timu yoyote inayosafiri zaidi ya kilomita 500 ifike siku moja kabla na isipangiwe mechi ya kwanza asubuhi.

Kuna njia nyingine, na naipenda fedha zikiruhusu: hatua ya makundi ichezwe kwenye vituo vinne, kila kimoja nyumbani kwa kinara wa kundi. Ndivyo ilivyo NCAA. Timu 16 za juu zinaandaa raundi mbili za kwanza, timu nne nne kila kituo, kisha zile nne za juu kabisa zinaandaa raundi mbili zinazofuata, zinazoitwa kanda, zikiendelea kushinda. Uenyeji unakuwa tuzo ya kazi ya msimu mzima. Si dhamana ya ushindi: Desemba 2025 Nebraska, hawajapoteza hata mechi moja msimu ule, walitolewa nyumbani Lincoln na Texas A&M kwa seti 3-2, na Texas A&M ndio waliochukua ubingwa. Fainali zao huwekwa mahali palipochaguliwa mapema, na hapo hutokea bahati. Mwaka 2024 zilikuwa Louisville, timu ya Louisville ikafika fainali mjini kwao, na bado Penn State wakaifunga 3-1.

Hatua ya 5: Usimpandishe mwenyeji

Mashindano mengi ya kimataifa humweka mwenyeji juu ya kundi A. Kwetu vyuoni naomba uliache hilo. Tuseme mwenyeji ni namba 13. Ukimweka kileleni mwa A, namba 1 inasogea B, 2 inasogea C, 3 inasogea D, na nyoka akigeuka, anayeingia D ni namba 4. Kundi D linakuwa 3, 4, 11 na 12. Umetengeneza kundi la kifo kwa mkono wako, na 7 na 8 ambazo zingekutana na namba 2 na namba 1 zimepewa mteremko kundi A. Mwenyeji ana mashabiki, ana kitanda chake na chakula alichokizoea. Mpe heshima ya kuchagua saa ya mechi yake ya kwanza, abaki na namba yake.

Hatua ya 6: Ratiba na robo fainali

Makundi manne ya timu nne yana mechi 24. Ongeza robo nne, nusu mbili, mshindi wa tatu na fainali, unapata 32 kwa jinsia moja. Kwa viwanja viwili na dakika 90 kwa mechi ya seti mbili kati ya tatu, mechi sita kwa kila kiwanja zinakwisha kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na moja, kwa hiyo makundi yanachukua siku mbili. Ukiwa na wanaume na wanawake, viwanja viwe vinne, na kila kiwanja kibaki na jinsia moja: mita 2.43 kwa wanaume, 2.24 kwa wanawake. Kupandisha na kushusha wavu kila mechi kunakula muda, na mwisho wa siku hakuna anayepima tena.

Robo fainali zipange hivi: mshindi wa A na wa pili wa B, mshindi wa D na wa pili wa C, upande wa pili, mshindi wa B na wa pili wa A, mshindi wa C na wa pili wa D. Hakuna timu mbili za kundi moja zitakazokutana tena kabla ya fainali au mechi ya mshindi wa tatu, na namba 1 na 2 zikiongoza makundi yao haziwezi kukutana mapema.

Msimamo wa kundi unaanza na idadi ya ushindi, kisha pointi, kisha uwiano wa seti, kisha uwiano wa pointi za uwanjani. Kwa mechi za seti tatu kati ya tano, ushindi wa 3-0 au 3-1 ni pointi 3, wa 3-2 ni pointi 2 na aliyefungwa anapata 1. Kwa mechi fupi za makundi, 2-0 ni pointi 3, na 2-1 ni 2 kwa 1. Sisitiza neno uwiano, maana watu wamezoea mpira wa miguu na wanatoa badala ya kugawanya. Kwenye mechi ndefu, timu yenye seti 7 kwa 4 na yenye 6 kwa 3, kila moja na ushindi mara mbili na pointi 6, kwa kutoa zote zina 3, na mtabishana hadi usiku. Gawanya: 1.75 na 2.00. Ya pili inapita.

Hatua ya 7: Toa vyote kwa pamoja

Siku ya kutangaza, tuma namba za ubora, hesabu zake, jedwali la kilomita na makundi kwa ujumbe mmoja, saa ileile kwa kila mlezi. Anayesikia kwanza kwa rafiki ataamini kuna kilichofichwa. Weka saa 48 za rufaa, kwa maandishi, na rufaa ipokelewe kwa kosa la hesabu au la kanuni tu. Mwaka juzi ilikuja moja, matokeo ya mechi yameandikwa kinyume. Walikuwa sahihi. Nilirudia hesabu usiku uleule, namba 6 na 7 zikabadilishana, nikawapigia makocha wote wawili kabla hakujapambazuka kuwaeleza nilipokosea.