Ukisimama kungoja daladala kwenye mteremko wa Iwambi

Nyie mnaopandia daladala Iwambi, hapa Mbeya, kuelekea Mbalizi, usisimame umeupa mlima mgongo. Hii ni barabara ya TANZAM, yaani barabara kuu ya Tanzania na Zambia. Malori ya Tunduma, Zambia na Kongo yanapita hapo usiku na mchana yakiwa na shehena. Lori likiteremka kwa kukanyagia breki tu badala ya gia nzito, breki hupata moto mpaka zinaacha kushika. Dalili utaziona mapema: harufu kama ya mpira ulioungua, moshi kwenye matairi ya nyuma, honi isiyokatika, taa zinawaka mchana kweupe. Hapo usikimbie kufuata barabara, lori litakufikia. Kimbia kwa upande, uvuke mtaro, ukwee juu. Ndoo ya parachichi iache, utanunua nyingine.

Mimi husimama nyuma ya mtaro hata kama konda ananifokea kwa kuchelewa kupanda. Na bodaboda wetu: foleni ikisimama mteremkoni, tafadhali usijichomeke katikati ya malori mawili. Asubuhi za Juni na Julai, ukungu ukishuka, mvalishe mtoto sweta jeupe au la njano, si lile jeusi.