Somo: kupandisha intaneti ghorofani kwenye nyumba ya mawe

Kuta za Mji wa Kale wa Mombasa ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene. Waifai ya ukumbini ikizigonga hufika juu imechoka, hata rauta iwe ya bei gani. Dawa ni kupandisha waya, kisha kuweka rauta ya pili huko juu.

Anza na waya wa mtandao: aina ya Cat 6, ya shaba tupu. Madukani ziko za alumini iliyopakwa shaba, bei nafuu, lakini hewa yetu ya chumvi huzila ncha upesi. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe ndani, rudisha. Usipite mita 100, wala usiupitishe paipu moja na waya wa stima.

Nyuzi za ncha zote mbili zipangwe sawasawa: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Wengi hukosea kwenye kijani, maana nyuzi mbili za jozi yake hukaa mbalimbali, za buluu zikiwa katikati. Vifaa vya gigabiti (Mbps 1000) vikishikana kwa Mbps 100 tu, kuna uzi haujagusa. Kata, uanze upya.

Sasa rauta ya pili. Iunganishe na laptopu peke yake kwanza. Kama anwani ya rauta ya chini ni 192.168.1.1, hii ipe 192.168.1.2, kisha uzime DHCP, yaani kazi ya kugawia vifaa anwani. Hapa tafadhali msikimbie: rauta mbili zikigawa anwani, leo simu inashika, kesho inakataa, na lawama zote anapata mwenye kuuza intaneti. Waya uingie tundu la LAN (la vifaa vya nyumbani), si WAN (la intaneti inayoingia). Jina la waifai na nywila viwe vilevile vya chini. Kwa masafa ya GHz 2.4, chini chaneli 1, juu 6 au 11.

TV na kompyuta zichomekeni waya, simu zipate nafasi hewani.

Maswali

*Kisauni:* Fundi, ripita, ile ya kurusha tena waifai bila waya, si rahisi zaidi?
Ni rahisi, ndugu yangu, ila nyingi hupokea na kutuma kwa redio moja, kasi ikashuka karibu nusu. Kama mwenye nyumba hataki kutobolewa ukuta, itumie, na uiweke mahali ishara bado ina nguvu.

*Likoni:* Shikamoo. Niwashe GHz 5 au 2.4?
Marahaba. Zote. 5 ina kasi chumba kilekile, 2.4 hupenya ukuta vizuri zaidi.

*Majengo:* Stima zikipotea?
UPS ndogo ya DC, dada, yaani betri ya akiba. Kiboksi cha faiba na rauta zote mbili zipate stima kutoka kwayo. Soma volti nyuma ya kila kimoja kwanza: cha 9 ukikitia 12 chaweza kuungua.